Samaki Niliyempeleka Kibaoni

Nilipofika kwenye msiba wa mama yake Kresensia, pale Kibaoni, Ifakara, jambo la kwanza nililofanya ni kulinganisha. Maturubai mawili yalikuwa yamefungwa kutoka ukutani mwa nyumba hadi ng'ambo ya barabara, viti vyote vimejaa, na waliokosa viti walikuwa wamekalia baiskeli zao kando ya uzio wa jirani. Nikawaza: mimi nikifa leo hawatafika nusu ya hawa. Mtu amesafiri siku nzima kuja kulia, na kabla hajatua begi anahesabu waombolezaji wa mwenzake. Nimevuka miaka hamsini, nimesoma, nimefundisha wengine wasome, na bado Kresensia ananifanya nihesabu.

Alitoka uani amejifunga khanga kiunoni, macho yamemwiva kwa kulia, akanishika mabega yote mawili. "Umekonda, Tuli. Umekula?" Nikasema nimekula. Haikuwa kweli, naye alijua si kweli, akaagiza niletewe wali na maharage. Nilidhani nitalala sebuleni kwenye mikeka pamoja na wanawake wengine, kama ilivyo kawaida ya msiba, lakini alinipeleka kwenye chumba cha nyuma, kile tulicholala pamoja mwaka 1996. Sasa kimewekwa dari na sakafu ya vigae. Kitanda si kile. Dirisha ndilo lilelile, dogo, linalotazama jiko la nje, na nilipoketi pembeni ya kitanda na sahani yangu mapajani nikaona mahali hasa nilipomlaza yule samaki.

Mwaka ule tulikuwa tumemaliza chuo kikuu, mimi sosholojia, yeye ualimu, na tulikuwa tukingoja ajira ambazo kila ofisi ilisema zimesimamishwa. Kresi akaniambia, "Twende kwetu wiki mbili, ule wali wa kweli." Tukapanda treni, tukashuka Ifakara jioni, na wiki mbili zikawa miezi tisa. Mama yake, mjane, alikuwa akiuza vitumbua asubuhi na mchele mchana. Alinipokea kana kwamba nilikuwa mzigo aliouagiza mwenyewe. Chumba chetu kilikuwa na kitanda kimoja na chandarua kimoja, na kuta zake hazikufika kwenye paa, kwa hiyo kila kilichosemwa sebuleni au jikoni kilitufikia tukiwa tumelala. Ndivyo nilivyojua jirani yao, Mama Kulwa, Msukuma aliyekuwa akipitisha maziwa nyumba kwa nyumba, alikuwa akiniogopa. Asubuhi moja nilimsikia akisema, "Huyu mgeni wenu ana maswali kama polisi. Jana kaniuliza kwa nini ng'ombe nawapa majina." Mama akacheka kile kicheko chake cha chini. "Muache. Mwenye maswali mengi huyo hajapata jibu la kwake." Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayekatakata kitunguu, "Wangu mimi haulizi. Anacheka tu, na mambo yanakwenda." Kresi alikuwa amelala ubavuni mwangu, mdomo wazi, hajui kuwa amesifiwa. Nilimwangalia kwa muda mrefu.

Chakula cha nyumba ile kilikuwa kizuri kupita kiasi, lakini kilikosa kitu, nami nikakigundua kabla ya siku ya tatu. Ifakara yote ilinuka samaki. Kambale waliokaushwa walipangwa sokoni kama kuni, perege walitembezwa kwenye baiskeli, nyumba zote za mtaa ule zilikaanga jioni. Kwa Mama tulikula maharage, kisamvu cha karanga, mchicha, na siku za sikukuu kuku. Nikauliza, bila shaka mezani, bila shaka mbele ya watu. Kresi akanikanyaga mguu. Baadaye chumbani akanieleza. Baba yake alivuka mto Kilombero masika moja na mtumbwi uliojaa magunia ya mpunga, mtumbwi ukapinduka, na hawakumpata hadi siku ya nne. Tangu siku hiyo Mama hakupitisha samaki wa mto ule mlangoni kwake. Hakumkataza jirani wala mgeni kula kwingine. Ila ndani ya uzio wake, hapana. "Anaogopa nini?" nikauliza. "Samaki hawana hatia." Kresi akajifunika shuka. "Tuli, siku nne. Fikiria samaki wanakula nini siku nne." Nami nikajifunika, bila swali la pili, jambo la nadra kwangu mwaka ule.

Basi unaweza kuelewa kwa nini Kresi alidanganya pale Chanda alipofika. Chanda alikuwa Mzambia, mwembamba, mcheshi, aliyejifunza Kiswahili utotoni huko Mbeya, ambako baba yake alifanya kazi ya reli. Kampuni moja ya kuwashusha watalii kwenye maji ya kasi ya Zambezi ilikuwa imemtuma aone kama mito yetu inafaa kwa mchezo huo. Alikuja na boti la mpira lililokunjwa kama godoro, makasia, helmeti, maboya ya kuvaa na kamba ndefu za kushukia miamba. Alihitaji vijana wanaojua Kiingereza wajaribu naye. Vijana wa Kindamba waliozaliwa juu ya maji walijitokeza kumi, na hawakujua Kiingereza, wakaajiriwa kubeba. Nilimuuliza Chanda haki iko wapi hapo. Akasema, "Dada, andika swali hilo, nitalipeleka kwa mkubwa wangu." Sikuliandika. Nilikuwa nimeshavaa helmeti.

Kresi akamwambia mama yake kwamba tumepata kazi ya muda kwenye utafiti wa mbu. Katika mji mwingine uongo huo ungechekesha, lakini Ifakara, penye kituo cha utafiti wa malaria, watu wenye shahada walikuwa wakihesabu mbu kweli, na hakuna aliyeshangaa binti msomi kurudi jioni amelowa hadi magotini na ana tope nyweleni. Mama alijivuna. Nilimsikia kupitia zile kuta fupi akimwambia Mama Kulwa, "Wanangu wanahesabu mbu. Wamefika elfu ngapi sijui." Na Kresi, ambaye kwa kawaida hakuweza kuficha hata homa, kila jioni alipoulizwa mbu wa leo wangapi alitaja namba, akacheka, na mambo yakaenda.

Hapa niseme jambo moja kwa haki yangu. Kuogelea, mimi ndiye niliyejua. Nimekulia ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na maji kwangu hayakuwa kitu cha kujifunza. Kresi, mtoto wa mjane aliyeuogopa mto, hakujua hata kuelea. Nilimfundisha mimi, kwenye maji mafupi ya mto Lumemo, mkono wangu chini ya mgongo wake, nikimwambia achia shingo, achia shingo. Wiki ya kwanza alimeza maji na kucheka. Wiki ya pili alielea. Mwezi wa pili tulipokuwa tukivuka pamoja, mimi kwa mtindo safi na yeye akirusha mikono kama anayefukuza nyuki, alifika kabla yangu. Nilisema mkondo umemsaidia. Tukarudia. Mkondo ukamsaidia tena.

Kabla ya boti la mpira Chanda alitaka tuuelewe mto kwa namna ya wenyeji, akatukabidhi kwa Adriani, mvuvi mmoja mwenye kifua kama pipa ambaye mtumbwi wake ulifungwa jirani na pantoni. Kwa Adriani mtumbwi haukaliwi. Unasimama, miguu imeachana, unasukuma kwa upondo, na kila ukikaribia kona unagonga ubavu wa mtumbwi mara tatu ili viboko wajue kuna mtu.

"Unawapigia hodi," alisema.

"Na wasipoitika?" nikauliza.

"Wasipoitika ni vizuri. Wakiitika ndiyo shida, Profesa." Alinipa jina hilo siku ya kwanza, na halikutoka.

"Lakini kusimama ni hatari zaidi. Uzito ukiwa chini mtumbwi unatulia. Hiyo ni fizikia."

"Simama, Profesa! Hatupo kanisani. Kiboko hajasoma hiyo fizikia."

Nilisimama, nikafikiria miguu yangu, nikaanguka. Nikapanda, nikafikiria magoti, nikaanguka. Vijana wa ukingoni wakaanza kuhesabu kwa sauti, na walipofika saba mwanamke mmoja aliyekuwa akifua aliwafokea waache kumcheka mgeni. Kresi alipanda mara moja, akayumba, akapiga kelele "Mama yangu!", akasimama. Hakujua amefanyaje. Nilimuuliza jioni, nikitaka maelezo ya hatua kwa hatua, naye akafikiri kwa dhati, uso wake wa mviringo umekunjamana, kisha akasema, "Sijui, Tuli. Nilisimama tu." Kuna majibu ambayo mtu anaweza kumchukia mwenzake kwa ajili yake.

Ikaja miamba. Chanda alitupeleka kwenye maporomoko ya Udzungwa, mahali ambapo maji yanaanguka kando ya ukuta wa jiwe jeusi, akatufunga mikanda mapajani, akatuonyesha jinsi ya kushuka kwa kamba tukitembea ukutani kinyumenyume. Mimi nilikagua fundo. Niliuliza kamba inabeba kilo ngapi, imetumika miaka mingapi, nani aliipima mara ya mwisho. Majibu yote yalikuwa mazuri, na nusu ya njia miguu yangu ikakataa. Nilining'inia pale nikitazama kijani cha ukoga kilichokuwa mbele ya pua yangu, maji yakinirashia shavu, hadi Chanda akanishusha polepole kama ndoo ya kisimani. Kresi alishuka akiimba wimbo wa kwaya yao, sauti ya pili. Alipofika chini alikuwa bado hajamaliza ubeti, akaumalizia amesimama majini. Usiku huohuo nilijiambia kuwa yeye haogopi kwa sababu hafikirii, na kwamba ujasiri wa asiyefikiri si ujasiri. Nilikipenda sana kifungu hicho. Nilikiandika kwenye daftari. Ninalo daftari hilo hadi leo, na mwandiko wake umekandamizwa hadi kurasa mbili za chini.

Mwezi wa nane Chanda alitukalisha chini, akasema mkubwa wake amekubali nafasi moja. Mmoja wetu angekwenda Zambezi miezi sita kujifunza uongozaji, kwa mshahara, kisha angerudi kuanzisha kazi Kilombero. Moja. Nilihisi moyo wangu ukisimama wima kama mbwa aliyesikia lango. Nilikuwa nimeomba ajira kwenye ofisi kumi na moja. Sikuwa na mama wa kurudi kwake mwenye vitumbua. Nilitaka nafasi ile kuliko nilivyowahi kutaka shahada. Njiani kurudi Kresi akaniambia, "Wewe ndiye utakayechaguliwa. Wewe unajua kueleza mambo." Alisema kwa moyo wake wote, nami nikasikia ananionea huruma.

Jaribio la mwisho lilikuwa kwenye mto unaoshuka kutoka milimani upande wa Mngeta, baada ya mvua. Tulikwenda na treni, tukalala kwenye nyumba ya mkulima mmoja wa mpunga, tukala ugali na mlenda, na asubuhi tukaingiza boti majini: Chanda nyuma, mimi kushoto, Kresi kulia, Adriani na vijana wabebaji wakitufuata ukingoni kwa miguu na kamba begani. Maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Tulipita poromoko la kwanza vizuri, la pili vizuri zaidi, na nilianza kuamini. Kwenye la tatu Chanda alipaza sauti, "Kasia kushoto! Kushoto!" Kushoto ndiko kwangu. Nikaona jiwe, nikaona upande wa pili wa jiwe ambao kwa maoni yangu ulikuwa na maji mengi zaidi, na kwa kipimo cha pumzi moja nikajiuliza kama Chanda ameliona. Pumzi moja ilitosha. Boti lilipanda jiwe, likasimama ubavu, likatumwaga.

Nilitokea chini ya boti. Mimi, mtoto wa ziwa, nilikuwa gizani chini ya mpira, kamba ya boya imenasa mahali, na mawazo yote yalinitoka kichwani isipokuwa moja: ni kosa langu. Kisha mkono ukanishika kwapa. Kresi alikuwa ameshatoka, ameshafika karibu na ukingo, akahesabu vichwa, akarudi. Aliogelea kwa ile mikono yake ya kufukuza nyuki, akapiga mbizi, akaikata ile kamba kwa meno na kucha, sijui, na yeye pia hajui. Alinivuta hadi kwenye mchanga, akanipiga mgongoni, akilia na kucheka. "Achia shingo," aliniambia. "Achia shingo, Tuli." Maneno yangu mwenyewe. Vijana wabebaji walikuwa wakishangilia, Adriani alikuwa ameshika kichwa, na mimi nilikuwa nikitapika maji ya Mngeta na kufikiri: mtu akikuokoa mbele za watu, amekunyang'anya kitu ambacho huwezi kumdai.

Chanda hakuhitaji kutangaza. Tuliporudi pantoni alimwita Kresi pembeni ajaze fomu, akanipiga bega na kusema kuna watu wa mto na watu wa ramani, na wote wanahitajika. Adriani alitoka mtumbwini na kambale mkubwa, bado anapumua, amefungwa kwa jani la mgomba. "Mpelekeeni mama yake Kresi. Mwambieni kazaa mwanamume." Kresi akaniangalia, akacheka kidogo, akaninong'oneza, "Mpe Mama Kulwa, tafadhali. Usipite naye nyumbani. Na leo usiseme kitu, nitamweleza mwenyewe Jumapili baada ya misa, nikimpata ametulia." Nikasema sawa. Nikampakia samaki kwenye baiskeli, nikaendesha hadi Kibaoni, nikaupita mlango wa Mama Kulwa uliokuwa wazi, na Mama Kulwa akiwa ameketi hapohapo akisukasuka mtindi.

Nimejaribu miaka yote hii kujiambia kwamba sikufikiri. Lakini mimi ndiye ambaye sikuwahi kufanya kitu bila kufikiri. Jikoni hapakuwa na mtu. Nilimlaza kambale juu ya jiwe la kusagia, nikafungua jani ili aonekane, nikaenda kuketi kwenye kigoda uani, mgongo umenyooka. Mama aliingia na beseni la mchele kichwani. Alisimama mlangoni mwa jiko. Kwanza alishusha beseni. Alinawa mikono, sijui kwa nini, hakuwa amegusa kitu.

"Nani kaleta huyu?"

"Mimi, mama. Adriani wa pantoni amekutumia."

"Mimi simjui Adriani. Ananijuaje?"

"Ni zawadi kwa ajili ya Kresi."

"Kresi kafanya nini na watu wa pantoni?"

Na hapo nikasema. Nilisema kila kitu kwa utaratibu mzuri, kama mtahiniwa aliyejiandaa: mtumbwi, boti, miamba, Mngeta, Zambezi. Hata jinsi nilivyookolewa nilisema, kwa kuwa ilizidisha hatari. Sikuongeza uongo hata mmoja. Mama alisikiliza akiwa amesimama, mkono mmoja kwenye nguzo ya jiko. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu: "Kwa hiyo hakuna mbu?" Nikasema hakuna, mama.

Hakukuwa na makelele. Kresi aliporudi alimuona samaki, akaniona mimi, akaingia ndani kwa mama yake na mlango ukafungwa. Nilikaa chumbani chini ya chandarua na kuta zile fupi zikaniletea yote. Mama hakumkataza. "Umeshakuwa mtu mzima, una shahada. Nenda. Ila mimi sitakupulizia." Kwenye ukoo wao mtu anayesafiri mbali hupigwa na mama maji kifuani: mama anachukua funda moja, anampulizia, anasema nenda urudi. Kila muhula, Kresi alipokuwa akienda chuo, mama yake alifanya hivyo kwenye jukwaa la treni mbele ya abiria wote. Nilishawahi kumuuliza Kresi maji yanasaidia nini, akasema, "Hayasaidii kitu. Ila sijawahi kuondoka bila hayo." Usiku ule alilia hadi alfajiri, mgongo wake kwangu. Niliweka mkono begani pake. Hakuutoa. Siku tatu baadaye alikwenda kwa Chanda na kurudisha fomu, na Chanda akachukua kalamu, akafuta jina, akaandika langu.

Mama alinisindikiza kituoni. Kresi alikuwa na homa, ndivyo ilivyosemwa. Treni ya kwenda Zambia ilichelewa, tukakaa juu ya begi langu, Mama akanipa wali kwenye kontena lililofungwa kwa kitambaa, na mayai manne, na chumvi kwenye karatasi. Treni ilipoonekana alifungua chupa ya maji. Nilidhani ananipa ninywe. Akachukua funda, akanishika mabega, akanipulizia kifuani, baridi, blauzi yote ikalowa. "Nenda urudi," alisema. "Wewe ndiye hukunidanganya." Mhudumu wa behewa alikuwa akinihimiza nipande. Ningeweza kusema neno hapo. Kulikuwa na muda wa neno moja, labda mawili. Nilipanda, nikakaa dirishani, na blauzi ikakaukia mwilini tulipokuwa tukipita Mngeta.

Kule Zambezi tulikuwa wanafunzi sita, nami nilikuwa wa nne. Nilihitimu. Kampuni haikurudi Kilombero, na Chanda alihamia kazi nyingine. Jambo nililojifunza kule, kwenye maji makubwa kuliko yote niliyowahi kuyaona, ni kwamba sikuupenda mto. Nilitaka tu anayechaguliwa asiwe Kresensia. Yeye alipata kazi ya ualimu mwaka uliofuata hapohapo Ifakara, akaolewa, akazaa, akawa mwalimu mkuu. Tulitumiana barua, baadaye simu, kila Krismasi. Jambo la samaki hatukuligusa.

Asubuhi ya mazishi tulikuwa tumeketi uani na nyungo, tunachambua mchele wa kulisha watu, na wanawake wengine walikuwa wamekwenda kuchota maji. Nikasema, bila utangulizi, "Kresi, yule kambale niliyemleta. Nilifanya makusudi."

Hakuinua macho. "Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu naingia uani. Ulikuwa umenyooka kama mtoto aliyevunja chungu." Akatupa kokoto. "Profesa wewe, ulidhani nani atakuamini umesahau?"

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, tungegombana, ungepata sababu ya kunichukia. Nikaona ukae bila sababu." Alicheka, kisha kicheko kikakatika. "Miaka miwili sikuweza kwenda stesheni, Tuli. Nikisikia honi naziba masikio. Nilikuwa mzuri sana kwenye ule mto. Hakuna kingine nilichowahi kukifanya vizuri hivyo." Nikataka kusema samahani, na neno likawa dogo mno mdomoni. Akaliona linakuja, akanizuia kwa kiganja. "Nilishakusamehe zamani, wala si kwa ajili yako. Nilichoka. Chambua mchele, watu watakula mawe."

Nilichambua. Nilipaswa kupumua, mzigo wa miaka karibu thelathini umeshushwa. Badala yake niliviangalia vile vidole vyake vinavyokimbia kwenye ungo na nikamwonea wivu kwa kusamehe. Nikamwonea wivu kwa miaka yote aliyobaki hapa na mama yake, miaka ambayo mimi ndiye niliyempa. Ukweli ni kwamba niliuonea wivu hata msiba wenyewe: yeye alikuwa na haki ya kulia hivyo, mimi sikuwa nayo.

Makaburini jua lilikuwa kali na kwaya ilikuwa kubwa. Jeneza lilipokwisha kuteremshwa, padri akawaita watoto wa marehemu wasogee watie udongo. Kresi ni mtoto pekee. Alisogea, akasimama ukingoni mwa kaburi, na hakuinama. Aligeuka akatazama nyuma, akinitafuta katikati ya watu. Nilibaki nimesimama. Padri akasubiri. Kwaya ikamaliza ubeti, ikasubiri. Mwanamke mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Anamngoja nani?" Kresi hakuita wala hakupunga mkono. Alisimama tu pale juani, kana kwamba ana siku nzima, hadi miguu yangu ikaanza kutembea.

Tuliinama pamoja. Yeye alichukua chembe kwa vidole vitatu, akaziachia. Mimi nikaingiza kiganja chote kwenye lile rundo la udongo mweusi na kukijaza, nikaangalia kwanza kama udongo wangu umezidi wake, ndipo nikakifungua kiganja.